Ziwa Nyasa Hulindwa Kuanzia Milima ya Umatengo

Kila ifikapo tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, vyama na vilabu vya huduma kwa jamii hujitokeza kupanda miti, kufagia fukwe na kusikiliza hotuba ya mgeni rasmi. Ni jambo jema, nami huwahimiza wanafunzi wangu washiriki. Hata hivyo, kila ninapotafakari historia ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, hujiuliza kama siku moja ya kujitolea inaweza kufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na jamii nzima kwa mwaka mzima. Katika makala haya nitajenga hoja kwamba ziwa hili limehifadhiwa kwa muda mrefu na jembe la mkulima wa mlimani, na kwamba juhudi yoyote ya hifadhi inayoishia ufukweni itaambulia matunda machache.

Tuanze na ziwa lenyewe. Lina kina cha takribani mita 700, na maji yake hutoka kwa mto mmoja tu, Shire, ulioko kusini nchini Malawi. Kwa sababu hiyo maji hukaa ziwani kwa muda mrefu mno kabla ya kubadilishwa, na tope au mbolea inayoingia leo haiondoki kesho. Chini ya mita 250 hivi hakuna hewa ya oksijeni, kwa hiyo samaki wote huishi katika tabaka la juu. Wako usipa wanaoanikwa mchangani kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, na wako mamia ya aina za samaki wadogo wa miambani wasiopatikana kwingine duniani, ambao hutambuana kwa rangi na hivyo huhitaji maji maangavu. Mbasa, samaki anayethaminiwa sana, hupanda mitoni kutaga mayai, ukiwemo Mto Ruhuhu. Mto ukijaa tope, mbasa hana mahali pa kuzalia. Mvuvi anaweza kutii sheria zote za nyavu na bado akakosa samaki kwa sababu ya shamba lililoko mlimani asikokujua.

Hapo ndipo historia ya Wamatengo inapokuwa na uzito. Katikati ya karne ya 19, Wangoni walipojenga dola zao katika eneo la Songea, Wamatengo wengi walijihami kwa kujikusanya katika nyanda za juu zenye miteremko mikali. Watu wengi katika ardhi finyu yenye mvua nyingi ni hali ambayo kwingineko ingezaa makorongo na njaa. Kwa masimulizi ya wazee na maoni ya wanahistoria wengi, ni katika mazingira hayo kilimo cha ngolo kilipokomaa. Nyasi hukatwa, hupangwa kwa mistari inayokatizana mithili ya miraba, kisha hufunikwa kwa udongo unaochimbwa katikati ya kila mraba. Mteremko mzima huwa na mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maharage na mahindi hupandwa kwa zamu juu ya matuta, nyasi zikiozea chini yake kama mbolea. Mvua inaponyesha, kila shimo huzuia maji na udongo wake. Kinachofika bondeni ni maji, na udongo mwingi hubaki shambani.

Wakoloni waliliona hilo. Mwaka 1938 A. H. Pike alichapisha katika jarida la Tanganyika Notes and Records makala kuhusu hifadhi ya udongo miongoni mwa Wamatengo. Lakini serikali hiyohiyo, ilipotaka kuhifadhi udongo katika milima ya Uluguru, ilitumia amri, ikawalazimisha wananchi kuchimba matuta ya ngazi wasiyoona faida yake. Mwaka 1955 wananchi waligoma, ghasia zikazuka Matombo, na mpango ukafa. Tofauti ya Umatengo na Uluguru haikuwa elimu ya udongo. Ngolo ilimlisha aliyeichimba na ilikuwa mali ya ukoo wake, ilhali matuta ya Uluguru yalikuwa kazi ya Bwana Shamba.

Nyuma ya ngolo kulikuwa na taasisi. Ukoo ulimiliki ntambo, yaani sehemu ya mlima iliyo kati ya mabonde mawili, kutoka kileleni hadi kwenye maji. Wanaume wa ukoo walikutana katika sengu, wakala pamoja na kujadili mambo yao: kazi, mashauri ya ugomvi, malezi ya vijana. Tusiipambe sengu kupita kiasi. Wanawake, ambao ndio waliochimba sehemu kubwa ya mashimo hayo, hawakuwa na sauti sawa katika kikao hicho, na msomi anayetaka kuirejesha jinsi ilivyokuwa atakuwa anarejesha pia udhalimu wake. Lakini sengu ilikuwa na sifa ambayo kamati zetu nyingi hazina: walioamua ndio waliobeba matokeo.

Mfumo huo ulitikiswa na mambo mengi. Kahawa, iliyoingia miaka ya 1920, ilileta fedha na shule, lakini pia ilimfunga mkulima na bei asiyoipanga. Katikati ya miaka ya 1990, biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi na Chama Kikuu cha Ushirika cha Mbinga, MBICU, kikaporomoka, wakulima walikosa pembejeo za mkopo. Wengi waliteremka kufyeka misitu ya miombo ili wapate mashamba mapya ya mahindi. Uamuzi wa kiuchumi uliofanyika Dar es Salaam ukageuka majivu na tope katika vijito vya Mbinga.

Wakati huohuo lilifanyika jaribio linalostahili kukumbukwa. Kuanzia mwaka 1994, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wakishirikiana na wenzao wa Japani, walisoma kilimo cha Wamatengo kabla ya kupendekeza lolote. Baadaye, katika kijiji cha Kindimba, ilijengwa mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji, na kamati ya wanakijiji iliyoisimamia ikachukua jina la sengu. Mashine ile ilihitaji mto usiokauka, na mto ulihitaji miti kwenye chanzo chake. Upandaji miti ukapata sababu ambayo kila mama aliyebeba debe la mahindi aliielewa.

Tuvilinganishe sasa na vilabu vya huduma vya kisasa. Rotary ilianzishwa Chicago mwaka 1905 na ikafika Nairobi mwaka 1930, lakini mazingira yaliingizwa rasmi miongoni mwa maeneo yake makuu ya kazi mwaka 2021. Siwabezi wanachama wa vilabu vya namna hii, kwani wamechimba visima na kutibu macho ya wengi. Nasema tu kwamba huduma inayotolewa na mwenye nacho kwa asiye nacho hukoma mtoaji anapohamishiwa mkoa mwingine.

Hoja hii ina uzito mpya kiutawala. Mwaka 2012 Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga. Huduma zilisogezwa karibu na wananchi wa mwambao, lakini mlima na ziwa vikawa chini ya halmashauri mbili zenye bajeti mbili. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa au mto, lakini udongo unaotoka kilomita 40 juu haupimwi kwa mita 60. Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 inaruhusu jumuiya za watumiaji maji zinazofuata mto na kuvuka mipaka ya wilaya. Kwenye fukwe navyo viko vikundi vya wavuvi vya usimamizi wa rasilimali. Vyombo tunavyo. Kinachokosekana ni meza moja ambapo mvuvi wa Lituhi na mkulima wa Umatengo watakaa pamoja, wanawake wakiwa na kura kamili.

Kwa hiyo, watumishi wa halmashauri hizi mbili wapange bajeti ya bonde kwa pamoja. Wanaharakati na vilabu wanaotaka kulitumikia ziwa wagharimie vikao hivyo, nauli za wajumbe na vitalu vya miche vinavyomilikiwa na vijiji, hata kama havitatoa picha nzuri ya kuweka ukutani. Na wanafunzi wangu waende wakajifunze kuchimba ngolo kabla ya kuandika andiko la kuwafundisha Wamatengo hifadhi.