Shapeli ya miti na udongo: nyumba ya salongo, kutoka Mboga hadi Obokote

Katika vijiji vya msitu wa Maniema, Obokote ikiwemo, kanisa la kwanza la kijiji halikuwa la matofali. Lilikuwa la miti, fito na poto-poto, kama nyumba za watu. Leo, wakati mabati (manjanja, kama wengi wanavyosema) na sementi vinafika polepole, shapeli hizo zinaangushwa bila mtu kuchukua hata picha. Njo maana inafaa kueleza zilivyojengwa na ndani mulikuwa na nini.

Mafundi huanza na nguzo za mti mgumu. Chini wanaziunguza kidogo kwa moto, juu ya mchwa. Halafu fito zinafungwa kwa kulala, upande wa ndani na wa nje, kwa kekele au kamba nyingine ya msitu. Katikati mnajazwa udongo uliokanyagwa kwa miguu. Hapo ni kazi ya salongo: wamama na watoto wanachota maji, vijana wanakanyaga, wazee wanaangalia kama ukuta umesimama sawa. Udongo ukikauka unapasuka, kwa hiyo unapakwa mara ya pili, na mara nyingi unamalizwa kwa udongo mweupe. Paa la majani ya mangungu au ya mawese linashuka chini sana, karibu na kichwa cha mtu. Si uzembe wa fundi. Mvua ikipiga ukuta, nyumba imekwisha.

Historia inayojulikana zaidi ya makanisa ya namna hii mashariki ya Kongo inatoka Mboga, katika Ituri ya leo. Mwaka 1896 alifika pale Apolo Kivebulaya, mwinjilisti Mwanglikana kutoka Buganda. Shefu Tabaro hakumpenda, na Apolo alilazimika kulima mwenyewe ili ale. Kisha, mwaka 1898, wakati wa kazi ya ujenzi, dada yake Tabaro aliangukia mkuki uliofichika ndani ya nyasi, akafa. Apolo alishitakiwa kwamba ameua, akafungwa na kupelekwa Toro, upande wa Uganda. Baadaye aliachiliwa, akarudi Mboga, na Tabaro mwenyewe akabatizwa. Mpaka ulipopangwa upya mwaka 1910, Mboga iliingia Kongo ya Wabelgiji. Apolo alifariki huko tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume cha desturi.

Upande wa Wakatoliki, mkataba wa mwaka 1906 kati ya Vatikani na Dola Huru ya Kongo uliwapa wamisionari ardhi, nao wakapaswa kufungua shule. Hivyo katika vijiji vingi nyumba moja ilifanya kazi mbili: siku za juma shule, Dimanshi sala. Ubao mweusi na msalaba vilikaa chini ya paa moja.

Vyombo vya ndani vilikuwa vichache, karibu vyote vya mikono ya kijiji. Viti ni magogo au mbao juu ya miti yenye panda iliyochimbiwa chini. Ukikaa muda mrefu mgongo unajua. Altare ni ya mbao, au udongo ulioinuliwa na kulainishwa. Hadi miaka ya 1960 padri alisali akiwapa watu mgongo. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani altare ikasogezwa mbele ya ukuta, naye akawatazama. Kikombe na mavazi ya misa havikulala kijijini: padri alikuja navyo ndani ya sanduku, kwa miguu au kwa baiskeli. Siku zingine katekista njo aliongoza. Kuita watu ni lokole, ngoma, au chuma cha gurudumu la gari kilichotundikwa kwenye mti.

Wengine wanaona haya juu ya ukuta wa udongo. Lakini Ulaya pia walijenga hivi. Huko Świdnica, Polandi ya leo, Waprotestanti waliruhusiwa na mtawala Mkatoliki kujenga kwa mbao, udongo na majani makavu tu, bila mnara wala kengele, na kazi iishe ndani ya mwaka mmoja. Walijenga mwaka 1656 na 1657. Kanisa hilo linabeba watu wapatao 7,500, bado linasaliwa, na tangu 2001 liko katika urithi wa dunia wa UNESCO.

Tofauti kubwa ni paa na matengenezo. Kwetu majani yanaoza haraka, na wakati wa vita wanakijiji walipokimbilia msituni hakuna aliyebaki wa kuyabadilisha. Maji yakiingia juu ya nguzo, ukuta mzima unafuata. Vijiji vinavyotaka kuhifadhi shapeli ya zamani huweka mabati kwanza juu ya nguzo zilezile, halafu kila ukame wanapaka udongo upya pale ulipopasuka.