Kitenzi na kiarifu sahili katika Kiingereza: mifano kutoka Ujiji

Sentensi ya Kiingereza iliyoupa mji wa Ujiji jina duniani ni ile ambayo Henry Morton Stanley aliandika kuwa alimwambia David Livingstone walipokutana hapo mwaka 1871. Kitenzi chake ni kimoja tu, “presume”, yaani kudhani. Kiondoe, na kinachobaki ni jina la mtu na neno la “mimi”. Hakuna habari tena.

Kila sentensi kamili ya Kiingereza ina pande mbili. Kiima humtaja anayezungumziwa, na kiarifu hueleza habari zake. Kiarifu kinaweza kuwa kirefu, lakini kiini chake ni kitenzi kikuu pamoja na vitenzi visaidizi vyake. Kiini hicho ndicho kiarifu sahili.

Chukua mfano: “The women of Ujiji are drying dagaa on the sand.” Kiima ni “The women of Ujiji”, na yote yanayofuata ni kiarifu. Kiarifu sahili ni “are drying” tu. Maneno mengine yanasema kinachoanikwa na mahali kinapoanikwa. Katika “The boat has not left Kigoma”, kiarifu sahili ni “has left”. Neno “not” limejipenyeza katikati, lakini si kitenzi, kwa hiyo halihesabiwi. Wengi huteleza hapo.

Mwanafunzi anayekosea si lazima awe mvivu. Shule za msingi za serikali nchini Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza karibu masomo yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Na Kiswahili hubeba mengi ndani ya kitenzi. “Watakusubiri” ni sentensi nzima: “wa-” ni watendaji, “-ta-” ni wakati ujao, “-ku-” ni wewe unayesubiriwa. Kiingereza hulitandaza neno hilo kuwa matano, “They will wait for you”, na kiarifu sahili ni “will wait”.

Ndiyo maana kosa la “My father he sells fish” husikika sana. Tunaposema “Baba yangu anauza samaki”, ile “a-” ni lazima. Mwanafunzi huihamishia kwenye Kiingereza ikawa “he”, na sentensi ikapata viima viwili. “My father sells fish” inatosha.

Kosa jingine ni la kinyume. Kwa Kiswahili tunasema “Samaki hawa ghali”, bila kitenzi chochote, na tunaeleweka. Kiingereza hakikubali. Lazima iwe “These fish are expensive”, na “are” peke yake ndiyo kiarifu sahili.

Ukitaka kukitambua kitenzi, badilisha wakati uone ni neno gani linabadilika. Linganisha “They fish at night” na “They buy fish at Kibirizi”. Ukizipeleka jana, ya kwanza inakuwa “They fished”, kwa sababu hapo “fish” ni kitenzi, kuvua. Ya pili inakuwa “They bought fish”. Aliyebadilika ni “buy”. “Fish” amebaki vilevile, samaki wa kuuzwa mwaloni.