Chikungunya: Miaka 70 Kutoka Newala Hadi Kwenye Chanjo

Mwaka 1952, homa ya ghafla ilianza kuenea katika uwanda wa juu wa Makonde, wilayani Newala, kusini mwa Tanganyika. Mtu aliamka mzima, na jioni hakuweza kusimama wima. Magoti, viwiko na vifundo viliuma kiasi kwamba wengine walilala siku nyingi bila kuweza kujigeuza, na kwa baadhi yao maumivu yaliendelea kwa miezi baada ya homa kushuka. Wamakonde waliuita ugonjwa huo kwa jinsi ulivyomkunja mgonjwa, na jina hilo la Kimakonde, chikungunya, ndilo linalotumika leo katika hospitali za Brazil, India na Ufaransa.

Mwanzoni ulidhaniwa kuwa kidingapopo, kwa kuwa dalili zinafanana. Daktari Marion Robinson aliandika kwa makini hali ya wagonjwa. W.H.R. Lumsden, kutoka taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, alichunguza jinsi maradhi yalivyosambaa. Mwenzake wa taasisi hiyo, R.W. Ross, aliwadunga panya wachanga damu ya wagonjwa na kukipata kirusi ambacho sayansi ilikuwa haijakitambua. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano, na ilikuwa imeshatambua kirusi cha West Nile mwaka 1937 na cha Zika mwaka 1947. Matokeo ya Newala yalichapishwa mwaka 1955 na 1956.

Kutambuliwa, hata hivyo, si kuzaliwa. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar karne ya 19, aliandika juu ya mlipuko wa mwaka 1870 ambao wenyeji waliuita kidinga pepo, na wazee walimweleza kuwa maradhi kama hayo yaliwahi kupita mwaka 1823. Karne moja baadaye, mwaka 1971, mtafiti Donald Carey alizipitia upya kumbukumbu hizo. Aliona maumivu ya viungo yaliyodumu muda mrefu, akatoa hoja kwamba kilichopita Zanzibar kilikuwa chikungunya. Pwani yetu, basi, huenda imeishi na ugonjwa huu kwa vizazi vingi.

Kirusi chenyewe kina kipenyo cha nanomita 70 hivi. Ndani yake mna uzi mmoja wa RNA wenye herufi za kijenetiki zipatazo 12,000, ukiwa umefungwa katika ganda la protini. Ganda nalo limezungukwa na utando wa mafuta wenye protini zinazochomoza nje. Kirusi hakili, hakipumui, wala hakiwezi kuzaliana peke yake. Kila kitu lazima kikipate ndani ya seli ya kiumbe mwingine.

Mbu wa jamii ya Aedes, ambaye huuma mchana, ndiye anayekiingiza mwilini. Protini zinazochomoza hunasa kwenye uso wa seli. Mwaka 2018 watafiti walitambua moja ya protini ambazo kirusi hushikilia, iitwayo Mxra8. Inapatikana kwenye seli za gegedu, misuli na mifupa, jambo linalosaidia kueleza kwa nini viungo ndivyo huumia. Seli hukimeza kirusi ndani ya kifuko, asidi ya kifuko hubadili umbo la protini zake, na RNA inapata njia ya kuingia. Hapo ribosomu, zinazotengeneza protini zote za seli, huisoma RNA ngeni kana kwamba ni amri ya mwenye nyumba. Kwanza hutoka protini nne za kazi, ambazo huinakili RNA hiyo tena na tena. Baadaye hutoka protini za kujengea maganda, na virusi vipya huchomoka kwenye ukingo wa seli vikiwa vimejivika kipande cha utando wake.

Kunakili huko hufanyika kwa kasi na kwa makosa mengi. Makosa mengi hukidhuru kirusi chenyewe, lakini machache hukifaa, na Bahari ya Hindi ililiona hilo waziwazi. Katikati ya mwaka 2004, wakati wa ukame, mlipuko ulianza Lamu. Watu walikuwa wakiweka akiba ya maji majumbani, na mbu Aedes aegypti hutaga katika maji safi yaliyotulia. Uchunguzi wa damu uliofuata ulionyesha kuwa takriban robo tatu ya wakazi wa mji huo walikuwa wameambukizwa. Kirusi kikafika Mombasa, kikavuka hadi Komoro mwaka 2005, kisha Réunion, ambako zaidi ya theluthi moja ya wakazi waliugua.

Huko Réunion badiliko moja dogo lilitokea: katika protini E1, kwenye nafasi ya 226, asidi-amino ya alanini ilibadilishwa na kuwa valini. Badiliko hilo lilikiwezesha kirusi kustawi ndani ya Aedes albopictus, mbu anayestahimili baridi. Mwaka 2006 India ilihesabu zaidi ya watu milioni moja walioshukiwa kuugua. Mwaka 2007 ugonjwa ulizuka katika vijiji vya Ravenna, Italia, baada ya kuletwa na msafiri kutoka India.

Jitihada za chanjo zilikuwa zimeanza zamani. Katika miaka ya 1960 na 1970 watafiti wa jeshi la Marekani walijaribu kukiua kirusi kwa formalini ili mwili ujifunze kwa mabaki yake. Baadaye walichukua kirusi kilichopatikana Thailand mwaka 1962 na kukipitisha mara nyingi kwenye seli za maabara hadi kikadhoofika. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2000, karibu wote waliochanjwa walipata kingamwili, lakini asilimia 8 hivi walipata maumivu ya viungo ya muda. Ilikuja kubainika kuwa udhaifu wa kirusi hicho ulitegemea mabadiliko mawili tu, na kirusi kinachonakili kwa makosa kinaweza kuyafuta.

Ndiyo maana chanjo ya Ixchiq, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2023, ilitengenezwa kwa njia nyingine. Wataalamu walikata kipande kizima cha protini nsP3, mojawapo ya zile nne za kunakili, ili kirusi kizaliane kwa shida na kisiweze kurudia hali yake kwa kosa moja au mawili. Hata hivyo, ni kirusi hai. Mwaka 2025, baada ya taarifa za madhara makubwa, hasa kwa wazee, Ulaya iliweka kizuizi cha muda kwa wenye miaka 65 na zaidi, na Agosti Marekani ilisimamisha leseni yake. Vimkunya, iliyoidhinishwa Februari 2025, ni ganda tupu: ina protini za nje za kirusi bila RNA, kwa hiyo haiwezi kuzaliana hata kidogo.

Chanjo zote mbili ziliidhinishwa kwanza Marekani na Ulaya, na mapendekezo ya awali ya Marekani yaliwalenga wasafiri na wafanyakazi wa maabara. Brazil haikukaa kusubiri. Ixchiq ilijaribiwa kwa vijana wa huko, na Taasisi ya Butantan ya São Paulo iliingia ubia wa kuitengeneza.

Afrika Mashariki nayo inapaswa kuchukua mkondo huo. Zahanati zetu zinahitaji kipimo cha chikungunya, ili mgonjwa wa homa asiye na malaria asirudishwe nyumbani na panadoli bila kujua anaumwa nini. Majaribio ya chanjo yafanyike kwa watu wa hapa, watoto na wazee wakiwemo, kwa sababu maswali ya usalama yaliyoibuka mwaka 2025 hayawezi kujibiwa kwa damu ya watalii. Taasisi ya Entebbe bado inafanya kazi, na Kenya na Tanzania zina maabara na wataalamu wa virusi. Kinachotakiwa sasa ni serikali zetu kutenga fedha, na kuidai nafasi yetu mezani wakati chanjo inayofuata inapopangwa.