Kiwewe cha Shujaa: Jeraha la Fumo Liyongo katika Historia ya Matini Zake

Ikisiri
Makala hii inafuatilia namna jeraha la moyo la Fumo Liyongo lilivyosimuliwa kuanzia takhmisi ya karne ya 18 hadi utendi wa mwaka 1913. Hoja kuu ni kwamba shujaa huyu huihimili dhuluma ya mtawala kwa wimbo, lakini usaliti wa mwanawe humkuta hana wimbo. Masimulizi ya Pemba kuhusu Mkama Ndume yametumiwa kwa ulinganisho.

Utangulizi
Atokaye Konde, kaskazini mwa Pemba, kuelekea mashariki hufika Tumbe. Karibu yake yapo magofu ya Chwaka, yanayohusishwa na Haruni, mtu wa ukoo wa Mkama Ndume, mtawala wa Pujini. Wapemba humkumbuka Mkama Ndume kwa ukatili: raia walibebeshwa mawe ya ujenzi kwa namna ya kuwadhalilisha. Katika masimulizi hayo mwenye nguvu ndiye chanzo cha kiwewe. Moyo wake mwenyewe hausimuliwi. Masimulizi ya Liyongo, yaliyokulia ng'ambo ya bahari, katika mwambao wa Pate, Lamu na mdomo wa mto Tana, yanaupindua mpangilio huo. Hapa mwenye nguvu zipitazo za binadamu ndiye aliyejeruhiwa.

Historia ya matini
Makadirio ya wakati alioishi Liyongo yanatofautiana kwa karne kadhaa. Historia ya matini ni bayana zaidi. Takhmisi ya Liyongo inanasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, aliyeongeza mishororo yake juu ya beti za kale. Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 katika Swahili Tales, pamoja na hadithi ya nathari. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu aliusimulia mkasa huo kwa utendi, nao umo katika Tenzi Tatu za Kale (1999), kitabu kilichohaririwa na M. M. Mulokozi.

Tofauti ya tanzu hizo ina uzito. Takhmisi hunena kwa nafsi ya kwanza: maumivu yamevikwa majigambo na ghadhabu ya muungwana aliyeguswa heshima yake. Nathari na utendi humtazama shujaa kutoka nje, na kumfuata hadi kisimani anapofia.

Wimbo kama tiba na silaha
Katika utendi, mfalme wa Pate anamwonea Liyongo wivu na kumwinda. Njama ya kumuua akiwa juu ya mkoma inashindikana, kwani yeye huziangusha koma kwa mishale bila kupanda. Anapofungwa na kusubiri kuuawa, walinzi humnyang'anya chakula kizuri aletewacho na kijakazi Sada. Shujaa hajibu kwa misuli. Anatunga wimbo ambao walinzi wanausikia bila kuuelewa, akimwagiza mama yake aoke mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Kisha anaomba ichezwe ngoma ya gungu. Vishindo vyake vinaifunika sauti ya tupa inayokata pingu.

Tukio hili kwa kawaida husomwa kama ushahidi wa ujanja. Linaonyesha pia njia ya kuikabili fedheha. Aliyetengwa na jamii anaiita jamii ije kucheza mlangoni pake, na uchungu wake unapata mahadhi, wasikilizaji na mama wa kuupokea.

Mwisho wa wimbo
Jeraha la pili ni la namna nyingine. Mfalme anamrubuni mtoto wa Liyongo aende akaulize siri ya kifo cha baba yake. Liyongo anaonyesha kutambua kwamba kijana amehadaiwa, lakini anamwambia: ni shaba kitovuni. Kwa hiyo udhaifu wake haukuwa kitovu peke yake. Alipolazimika kuchagua kati ya kumshuku mwanawe na kufa, hakuweza kumshuku.

Baada ya kuchomwa usingizini, Liyongo anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuufunga mshale tayari. Haimbi. Watu wanamwogopa na maji hayatekwi. Mama anakuja kumbembeleza, lakini hajibiwi, kwa kuwa anayebembelezwa amekwisha kufa. Wimbo uliokuwa daraja kati ya mama na mwana gerezani sasa una upande mmoja tu.

Hitimisho
Historia ya matini hizi inaonyesha kwamba fasihi ya Kiswahili ilitafakari kiwewe cha shujaa muda mrefu kabla uhakiki haujalipatia jambo hilo istilahi. Mtawala akidhulumu, jamii humsaidia aliyedhulumiwa kuubeba uchungu. Dhuluma ikitoka katika damu yake mwenyewe, humwondolea hata sauti ya kuiita jamii hiyo. Masimulizi ya Pemba yamehifadhi maumivu ya raia na kuuacha moyo wa Mkama Ndume gizani. Ya Lamu yameuanika moyo wa shujaa. Yakisomwa pamoja, yanaonyesha kuwa kumbukumbu ya Waswahili haikuwapima wenye nguvu kwa nguvu zao pekee, bali pia kwa nani aliumia, na nani alibaki wa kumlilia.