Meko na Kuta za Keringet

Wahenga walisema, "Nyumba nzuri si mlango, fungua uingie ndani." Kwa kawaida methali hii humwonya mtu asidanganywe na sura ya nje. Leo, msomaji, nakuomba uitumie kwa kazi nyingine, iwe ufunguo wa kusomea historia. Umekwisha soma habari nyingi za watawala, reli na sheria. Hizo ni mlango tu. Ingia sasa ndani ya nyumba, huko Keringet, magharibi ya Nakuru, kando ya msitu wa Mau, uone kazi ya watu ambao majina yao hayakuandikwa kitabuni.

Keringet ni nchi ya baridi. Imeinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka. Kwa sababu hiyo, katika nyumba ya kale ya Wakipsigis kila jambo lilianzia kwenye meko. Moto ulipika chakula na kuwapasha watu joto. Moshi wake ulipanda hadi kwenye dari ya fito, ukakausha wimbi na kuni na kuwafukuza wadudu. Mtu wa leo akiyaona masizi ya nyumba ya namna ile hudhani ni uchafu. Sivyo, ni alama ya ghala lililotunzwa. Walakini tuseme kweli yote: moshi huohuo uliumiza macho na vifua, na walioumia zaidi ni akina mama na watoto waliokaa karibu nao.

Sasa tazama kibuyu kilichotundikwa ukutani. Humo hutengenezwa mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin. Mama huchukua kijiti kiitwacho sosiot, akakisugua kibuyu ndani mpaka kitakate. Kisha huchoma tawi la mti wa senetwet, akaupaka unga wa makaa yake ndani ya kibuyu. Maziwa huchemshwa, hupozwa, humiminwa humo, na kibuyu hufunikwa kwa siku kadhaa. Makaa huyapa maziwa rangi ya kijivu na harufu yake njema. Wala kibuyu hakiachwi kitupu kwa sura: hutiwa shanga na ngozi, hata mwenye nacho hukitambua miongoni mwa vingi. Basi chombo kimoja kilikuwa cha kuhifadhia chakula, na pia pambo la nyumba.

Hekima kama hiyo ilikuwamo chunguni. Mgagani ni mboga chungu, na mpishi asiyejua huilaumu mboga. Mpishi ajuaye huichemsha sana, akaitia maziwa, akaiacha ilale mpaka kesho yake; uchungu hupungua, ikaliwa kwa ugali wa wimbi. Subira ilikuwa kiungo mojawapo.

Nyumba hizi zilipatwa na jambo kubwa wakati wa utawala wa Waingereza. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na baada yake ardhi nyingi ya nyanda za juu ikagawiwa walowezi. Waafrika wengi waliishi katika mashamba hayo kama maskwota. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wamfanyie mwenye shamba kazi kwa siku zisizopungua 180 kila mwaka, ili wapate ruhusa ya kukaa, kulima kidogo na kulisha mifugo. Fikiri maana yake. Mtu alikata miti kwa mikono yake, akajenga, akaezeka. Lakini udongo uliobeba nyumba haukuwa wake. Mkataba ukiisha, na nyumba imekwisha.

Hata hivyo wanawake hawakuacha kukandika. Walichanganya udongo na samadi ya ng'ombe, wakalainisha kuta kwa viganja. Wakatumia majivu kupata rangi nyeupe, na udongo mwekundu kuchora mapambo. Kwa nini mtu aipambe nyumba ambayo huenda akafukuzwa humo? Mimi naona jibu ni hili: sheria ilimwita mkazi wa shamba la mwingine, naye kwa ukuta wake alijibu kwamba yeye ni mwenye nyumba.

Katika miaka hiyohiyo serikali nayo ilianza kufundisha mambo ya nyumbani. Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete mwaka 1925. Walimu walifika huko pamoja na wake zao, na wake wakafundishwa usafi, mapishi, ushonaji na malezi. Mwaka 1952 kikaanzishwa chama cha Maendeleo ya Wanawake. Mwaka huohuo ilitangazwa Hali ya Hatari, na watawala walitumaini kwamba vyama vya wanawake vingewavuta mbali na Mau Mau. Kwa hiyo mafunzo yale yalikuwa na pande mbili. Kuchemsha maji ya kunywa na kufungua madirisha ni mambo mema, awaye yote ayafundishe. Lakini mwalimu aliyedhani kwamba mwanafunzi wake hana ujuzi wowote wa nyumba alikuwa hajakitazama kibuyu.

Akina mama walichagua wenyewe. Walipokea viazi vya Ulaya, ambavyo leo ni zao kuu la Keringet, wala hawakuacha wimbi. Walipokea chai, wakaipika kwa maziwa mengi. Walibandika magazeti ya zamani kwenye kuta ili kuzuia upepo, watoto wakajizoeza kusoma humo. Wakafuma vitambaa vya kufunikia viti. Haya yote yaligharimu fedha kidogo, na nyumba ikapata sura ya mwenyewe.

Lakini usidhani kwamba uzuri wa nyumba waweza kuilinda. Katika machafuko ya mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba nyingi za Molo na Kuresoi zilichomwa moto, na watu wa makabila mbalimbali wakakimbia. Waogiek, warina asali wa msitu wa Mau, waliondolewa msituni mara nyingi, hata Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba haki zao zilivunjwa. Kuta zinazokandikwa kwa mwezi mzima huanguka kwa saa moja. Ndiyo sababu amani na haki ya ardhi ni sehemu ya utunzaji wa nyumba, kama vile ufagio na chungu.

Basi, msomaji, utakaporudi nyumbani wakati wa likizo, keti karibu na bibi yako. Muulize alikandika kwa udongo wa wapi, alipika nini mwaka wa njaa, na alipohama alibeba chombo gani kwanza. Andika majibu yake, pamoja na mahali na mwaka. Halafu chukua jembe, mletee udongo, umsaidie kukandika ukuta. Mkono wako utajifunza jambo ambalo daftari peke yake haliwezi kukufundisha.