Kansa ya Koo Si Ugonjwa wa Juzi: Stori ya Moshi, Mate na Milima Yetu

Wasee, kuna sentensi moja haikosi kwenye matanga ya mtu aliyekufa na kansa huku Timboroa: "Huu ugonjwa ni wa siku hizi." Hapo italaumiwa mbolea, italaumiwa mafuta ya kupikia, atalaumiwa kuku wa wiki sita, hata ule mnara wa simu. Mzee atasimama aseme zamani watu walikula vya shambani na kansa hawakuijua. Watu wote wanatikisa vichwa, wanaendelea na chai.

Mimi nabisha, na nabisha kwa historia. Hiyo sentensi inatufanya tumtafute mwizi kwa jirani na huku yuko jikoni kwetu.

Tuanzie Kampala, halafu tutapanda mlima. Mwaka 1957 kulikuwa na daktari wa upasuaji kutoka Ireland, anaitwa Denis Burkitt, akifanya kazi Hospitali ya Mulago. Akaanza kuletewa watoto waliovimba mataya kwa namna ambayo hakuwa ameiona. Haikuwa jino bovu. Ilikuwa kansa, na mwaka 1958 akaandika habari zake kwenye jarida la madaktari. Machi 1961 akaenda London kuielezea. Katika waliomsikiliza kulikuwa na mtafiti mmoja, Anthony Epstein, ambaye alitoka pale akiwa na wazo moja kichwani: huenda hapa kuna kirusi.

Mwaka huo huo Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaingia kwenye Ford kuukuu, wakaendesha kama kilomita 16,000 kwa wiki kumi, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini. Kila hospitali walisimama, wakatoa picha na kuuliza: huu ugonjwa mmewahi kuuona? Majibu yakachora ramani. Kwenye joto na unyevu, kule mbu wanakotesa watu, madaktari walisema ndiyo. Kwenye milima ya baridi walisema hapana. Baadaye ilieleweka kwamba malaria inahusika.

Huku nyuma, vipande vya uvimbe vilikuwa vikisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London. Mwaka 1964 Epstein pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba wamekiona kirusi kwa hadubini ya elektroni. Ndicho kinaitwa Epstein-Barr. Kinakaa kwenye mate. Karibu kila mtu Afrika anakipata akiwa mtoto, kwa kikombe cha pamoja au kwa kijiko cha mama, na wengi wetu tunaishi nacho hadi uzee bila shida yoyote.

Sasa panda mlima uje kwetu. Timboroa iko zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Reli ya kwenda Eldoret ilipopita hapa miaka ya 1920, stesheni yetu ikawa kati ya zile za juu kabisa kwenye himaya yote ya Waingereza. Kwa ramani ya Burkitt, ile kansa ya taya isingekuwa habari yetu. Unaweza kudhani tumeponea.

Hatukuponea. Nairobi kulikuwa na daktari wa upasuaji wa kichwa na shingo, Peter Clifford, kwenye hospitali ambayo leo ni Kenyatta. Yeye alikuwa anapokea wagonjwa wa aina nyingine. Uvimbe kwenye shingo. Pua inayotoka damu. Sikio limeziba upande mmoja. Ukifuata chanzo, unakuta kansa imejificha nyuma kabisa ya pua, pale inapokutana na koo. Alipoangalia wametoka wapi, nyanda za juu za Kenya zilijitokeza kuliko pwani na sehemu za joto. Yaani ramani ya Burkitt iliyogeuzwa juu chini.

Clifford akauliza swali ambalo nyanya zetu wangelijibu bila digrii: watu wa milimani wanaishi vipi tofauti na watu wa chini? Mwaka 1964 yeye na mwenzake wakaandika kwenye jarida la Uingereza la kansa kuhusu ugonjwa huu na mazingira ya wagonjwa. Kitu kimoja walichokitilia shaka ni moshi. Nyumba ya udongo, mafiga katikati, dirisha hakuna au ni dogo kama kiganja, na moto unawaka kutwa kucha kwa sababu ya baridi. Kama umelelewa huku huhitaji kuelezwa. Julai ya Timboroa haikuachii nafasi ya kuzima moto. Unakaa hapo, macho yanalia, nguo zinanuka moshi, na masizi yananing'inia darini kama nywele. Yale masizi unayoyaona juu, mengine yalishaingia puani.

Halafu stori ikajifunga fundo. Mwaka 1966 watafiti walipima damu ya wagonjwa wa kansa ya nyuma ya pua, wakakuta inaitikia kile kirusi cha kansa ya taya. Mwaka 1970 Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake wakakuta vinasaba vya kirusi hicho ndani ya uvimbe wenyewe. Ripoti zote mbili zina jina la Clifford. Kirusi ni kimoja. Kule chini, pamoja na malaria, kinashika taya la mtoto. Huku juu kinashika nyuma ya pua ya mtu mzima, na mara nyingine kijana. Na kwa sababu karibu wote tunacho ila wachache ndio wanaugua, lazima kuna kitu kingine kinachokisaidia. Moshi ni mshukiwa, hajahukumiwa. Lakini hata shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, limeuweka moshi wa kuni wa ndani ya nyumba kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta kansa. Moshi wa sigara uko kundi la juu zaidi, la vitu ambavyo vimethibitishwa.

Sasa hapa ndipo naumia. Damu na nyama za wagonjwa wa Afrika Mashariki zilisaidia dunia kujua kwamba kirusi kinaweza kuhusika na kansa ya binadamu. Majarida yalichapishwa, majina yakakua. Ujumbe wa kurudi jikoni, ule mfupi tu wa "toboeni dirisha", uko wapi? Zaidi ya miaka 60 baadaye, mama bado anapulizia kuni kwenye chumba kimefungwa, na matangani tunalaumu mnara wa simu.

Na sisi vijana tusijione wajanja kwa sababu tunapika na gesi. Tumetoa moshi jikoni, tukaulipia kwenye klabu. Shisha ilipigwa marufuku Kenya Desemba 2017, lakini unajua, na mimi najua, bado inapatikana. Sigara na pombe kila moja peke yake inaongeza hatari ya kansa ya mdomo na koo, na zikiwa pamoja hatari inapanda zaidi ya hesabu ya kujumlisha. Pombe ikivunjwa mwilini inatoa sumu inayoharibu vinasaba, na pia inaurahisishia ule uchafu wa sigara kupenya ngozi laini ya koo. Hata chai yetu ya mvuke ina kesi. Utafiti uliofanywa Eldoret na kuchapishwa 2019 ulikuta wanaokunywa chai ikiwa moto sana wako kwenye hatari zaidi ya kansa ya umio, ile njia ya chakula chini ya koo. Acha ipoe kidogo, haitakimbia.

Kuna pia kirusi cha pili, HPV, ambacho kinapita kwa ngono, pamoja na ile ya mdomo. Tunakijua kwa kansa ya mlango wa kizazi, na aliyegundua uhusiano huo ni yule yule zur Hausen, akapewa Nobel mwaka 2008. Lakini kirusi hicho kinaleta pia kansa ya tezi za koo na ya nyuma ya ulimi, kwa wanaume na wanawake. Kenya ilianza kuchanja wasichana wa miaka 10 Oktoba 2019. Wavulana hawakuwekwa kwenye mpango huo. Kwa hivyo ukiwa na mdogo wako wa kike na kuna mtu anamtisha ati chanjo itamfanya tasa, hiyo stori ikatae mbele yake, asikie.

Mzee akisema tena kansa ni ya siku hizi, mheshimu, mpe kiti, halafu mwambie ilikuwepo akiwa kijana, ila waliougua walizikwa bila jina la ugonjwa. Uvimbe shingoni usiopungua kwa wiki tatu, sauti inayokwaruza bila kupona, kidonda mdomoni kisichofunga, pua inayoziba na kutoka damu upande mmoja: hizo si za kuombewa peke yake. Omba, lakini ukiwa kwenye foleni ya hospitali. Ikipatikana mapema inatibika vizuri zaidi.

Na leo jioni, kabla moto haujawashwa kwenu, angalia kama jikoni kuna mahali pa moshi kutokea. Kama hapapo, shoka liko wapi?