Kikombe cha Sidiria na Maana ya Herufi Zake

Miongoni mwa istilahi ambazo wanawake wetu huzitamka madukani bila ya kuelezwa maana yake ni hii ya kikombe cha sidiria, nayo yastahiki kufafanuliwa, kwa kuwa kutoielewa huwaletea wengi maumivu ya mabega na mgongo, na hasara ya fedha juu yake. Sidiria lenyewe ni neno la asili ya Kiarabu, litokanalo na sadri, yaani kifua, na watu wa pwani wanalo pia neno kanchiri. Ama kikombe, kwa maana hii, kilikuja na vazi la kiwandani. Mary Phelps Jacob wa New York alipopewa hataza ya sidiria yake mwaka 1914, vazi hilo halikuwa na vikombe vya kupimwa, na ni mwaka 1932 kampuni ya S. H. Camp and Company ya Marekani ilipoanza kuyapambanua matiti kwa herufi, kuanzia A hadi D.

Aghalabu utamsikia mwanamke akisema, "Mimi navaa C," kana kwamba herufi hiyo peke yake yatosha kueleza ukubwa wa titi. Haitoshi hata kidogo, maana herufi ni jina la tofauti baina ya vipimo viwili: mzingo wa kifua chini ya matiti, ambao ndio utoao nambari ya mkanda, na mzingo wa kifua penye kilele cha matiti. Kwa kipimo cha sentimita kitumiwacho Ulaya, tofauti ya 12 hadi 14 ni A, ya 14 hadi 16 ni B, ya 16 hadi 18 ni C, na ya 18 hadi 20 ni D. Chukua wanawake wawili ambao futikamba imewapa wote 95 kifuani: mmoja, ambaye chini ya matiti ana 80, atavaa 80B, na mwenziwe mwenye 76 atavaa 75D, ijapokuwa kwa macho huenda usiwatofautishe. Kwa sababu iyo hiyo kikombe cha 75D hubeba sawasawa na cha 80C, na D ya mkanda mwembamba si D ya mkanda mpana. Fauka ya hayo, Wafaransa huongeza 15 katika nambari ya mkanda, hata 75 ikaandikwa 90, na mnunuzi asiyejua akadhani amepewa nguo ya mtu mwingine.

Kosa lililoenea mno ni kuvaa mkanda uliolegea na kikombe kilicho kidogo. Mtazame mvaaji kwa nyuma: mkanda umepanda kuelekea mabegani badala ya kulala sawa na wa mbele, naye, ili kuuzuia, amezikaza kamba hata zikamchimba begani, ilhali mzigo wapasa kubebwa na mkanda. Kwa mbele nyama hufurika juu ya ukingo wa kikombe, na waya, uliopaswa kulizunguka titi lote na kutulia juu ya mfupa wa kifua, humkalia juu ya titi lenyewe. Sidiria mpya na ifungwe kwenye kulabu za mwisho, zilizo legevu kuliko zote, kwani mpira hunyumbuka kadiri unavyofuliwa, na zile za ndani ni akiba ya siku hizo. Na kwa kuwa mwili hubadilika kwa mimba, kunyonyesha na umri, kipimo cha mwaka juzi si hoja ya leo.

Kwa rai yangu neno kikombe lafaa na libaki, kwa sharti kwamba lisitajwe pasipo nambari ya mkanda wake. Basi nawasihi wauzaji wa nguo za ndani, wa Kariakoo na wa Gikomba, waweke futikamba na pahala pa sitara pa kupimia, na mnunuzi naye asikubali kuuziwa herufi tupu.